Kidevu cha Fundi wa Makochi

Mkalimani aliingia kliniki ya meno na begi lake la safari, katika mji aliofika asubuhi ile ile. Lugha tano alizokuwa nazo hazikumsaidia kitu: gego lilimvunjikia njiani, na kila neno alilitoa kwa kumung'unya. Wanawake wawili wakamsogezea nafasi kwenye benchi. Mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Huyu wifi yangu, fundi wa makochi," mwenzake alisema bila kuulizwa. "Ametafuna misumari miaka yote, sasa anatafuta pa kuwekea meno."

"Sikutafuna, nilishika," fundi alijibu, akamgeukia mgeni. "Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo. Misumari itakaa wapi kama si mdomoni?"

Meno yake ya mbele yalipotoka, alisimulia, taya lilisinyaa, pakakosa mfupa wa kukazia meno mapya ya skrubu. Ndipo miezi iliyopita daktari akamega mfupa kidogo kidevuni mwake, akaupachika pale penye pengo, akaufunika kwa utando unaoyeyuka wenyewe.

Mkalimani alisahau maumivu. "Ukishayeyuka, mfupa unashikwa na nini?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo! Akasema ni kama kupiga bandi: ile mishono mirefu ya muda, kitambaa kisihame. Mshono wa kweli ukishapita, bandi ya nini tena? Utando unazuia nyama ya fizi isivamie mahali pa mfupa, basi. Leo ndiyo naambiwa kama mfupa umeshika. Kama haukushika, kidevu changu hakikatwi tena. Nitabaki na meno haya ya kuvaa, nikicheka yanadondokea kochi la mteja."

Daktari akatoka na picha ya eksirei. "Mama, karibu."

"Kwanza akwambie habari ya msumari," wifi akadakia.

"Mmbea wewe!" Fundi akainamisha kichwa. "Mara moja tu, daktari, tangu unikataze. Mteja kasimama mlangoni ananiharakisha, mkono ukajiendea wenyewe mdomoni na msumari. Nimeharibu?"

Daktari aliinua picha dirishani. Vichwa vikasogea, cha mgeni kikiwemo.

"Kushoto mfupa umeshika vizuri. Kulia umeliwa kuliko nilivyotaka. Siwezi kusema ni msumari, mfupa mwingine hupungua tu. Pale nitaongeza unga wa mfupa wa kutengenezwa. Utayeyuka polepole, na mfupa wako uchukue nafasi yake."

"Na kidevu?"

"Kidevu nakiacha."

Fundi alikipapasa, kama anayehakikisha bado kipo. "Basi nipangie siku. Na wewe wifi, siku hiyo unabaki nyumbani."

"Ukilewa dawa ya ganzi atakurudisha nani, kochi?"

Wakatoka wakibishana, na fundi alisahau kuziba mdomo.

Mkalimani alikalia kiti cha matibabu na swali lake: mwili unajuaje kipi ule na kipi ujenge? Lakini daktari alikuwa ameshamwashia taa. "Haya, mgeni, fungua mdomo."