Mstari wa Baba

Juzi, pale Mbekenyera, niliona karatasi ya mapato na matumizi ya kijiji imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi, nikamkumbuka mama akiwa ameugeukia ukuta uleule.

Alikuwa akigombea uenyekiti wa kijiji, maana alitaka watu wasomewe fedha za zahanati zilikoishia. Yeye na mwenyekiti aliyekuwa madarakani walikalishwa wakitazama ukuta, watu wakapanga mistari nyuma yao, kila mmoja nyuma ya anayemchagua. Nilidhani mama ameadhibiwa, kama sisi shuleni. Baba, shati likinuka salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, alikwenda kwenye mstari wa mwenyekiti, akasimama akikohoa. Upande ule ulikuwa na kivuli, nikajua anakimbia jua. Sikujua kuwa mwenyekiti ndiye aliyeandika majina ya watakaogawiwa salfa.

Mama alishindwa. Jioni, akipepeta ufuta, akaniuliza, "Baba yako alisimama wapi?"

"Nyuma yako, mama."

Ungo ukatulia kidogo, kisha ukaendelea.

"Haya, mwanangu. Mpelekee maji ya moto. Nilimsikia akikohoa kule kwenye mstari wa mwenzangu."