Mtandio wa Saa Moja

Watu huniuliza kwa nini siku hizi siendi tena kuzungumza mashuleni. Nawajibu kwamba nimechoka, nao wanakubali, maana mwanamke wa umri wangu ana haki ya kuchoka. Uongo mtupu. Nina hasira, na hasira yenyewe naijua ilikotoka: shule moja ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Diani.

Kazi ile tulijitolea, mimi na ustadhi mmoja wa Kombani. Mimi nasomesha madrasa Gazi. Hatukutumwa na mtu. Tuliona tu watoto waliokuja na wazazi wao kutoka bara, wanakaa Ukunda miaka nenda miaka rudi, wanatuona kila siku njiani, na hawajui sisi ni watu wa namna gani. Mmoja aliniuliza dukani, mbele ya mamake, kama ndani ya buibui nimeficha kitu cha kulipuka. Mamake akacheka! Basi tukasema, heri waje watuulize sisi wenyewe, kuliko kuulizana wao kwa wao.

Siku ninayoisema ilikuwa Ramadhani. Ukumbi ulijaa wasichana wa sare ya kijani. Nikatoa salamu, wakanyamaza; nikawafundisha kuiitikia, wakaiitikia kwa kelele karibu waezue paa. Maswali yakaanza. Hata maji hamnywi? Hata maji. Na mate, hammezi? Ustadhi, ambaye ulimi wake haujui kutulia, akawaambia, "Mate yako meza, ya jirani mwachie mwenyewe." Wasichana walicheka, na naibu wa mwalimu mkuu, mama mmoja wa bara, akacheka mpaka akajifuta machozi. Nilimpenda pale pale. Nasema kweli, nilimpenda.

Mwisho wa mazungumzo huwa natoa mitandio mkobani, nawaonyesha namna ya kujitanda. Niliamini kwamba mtoto akishakivaa kitu hakiogopi tena. Wakaja mbio wanasukumana. Mmoja akajifunga kama bibi anayeumwa na jino, mwingine akajiziba macho akaanza kugonga viti. Naibu akatoa simu yake, anapiga picha. "Angalieni huku! Mmependeza!"

Nyuma kabisa alibaki msichana mmoja ameketi, mwembamba, kichwa wazi, nywele kasuka mistari. Nikamwita, "Njoo mwanangu, hakiumi hiki." Akatikisa kichwa. Nikadhani ni haya za kitoto, nikamfuata mpaka alipo, nikamtia mkononi mtandio mweusi uliokuwa umebaki.

Akautazama. Kisha akautupia kichwani, akaubana chini ya kidevu, akauzungusha upande mmoja na kuuchomeka karibu na sikio, bila kioo, bila pini, kabla sijafungua mdomo wangu. Aka! Mtu hajifunzi kujitanda hivyo kwa kutazama mara moja. Ile ilikuwa mikono ya mtoto aliyejitanda kwenda madrasa tangu hajajua kushika kalamu.

"Assalamu alaykum," nikamwambia polepole.

"Waalaykumu salaam, maalim. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Msambweni."

Hatukufika mbali. "Wewe!" Naibu alikuwa amesimama nyuma yangu, simu bado mkononi. "Toa hiyo kitu. Si unajua sheria?"

Ukumbi mzima watoto wa watu wamejitanda, na yeye, Mwislamu wa pekee kati ya wasichana wale, ndiye anayeamriwa kuvua. Akavua. Akaukunja mtandio vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia kwa mikono miwili. Wenzake wakaendelea kupigwa picha.

Ofisini tukaletewa chai. Wallahi, chai ya maziwa na mandazi, mchana wa Ramadhani, baada ya kutusikiliza kipindi kizima tukieleza saumu ni nini! Ustadhi aliitazama sahani, akanitazama mimi, akainamisha kichwa kuficha kicheko. Mimi hamu ya kucheka ilikuwa imeniisha.

"Mwalimu," nikasema, "wale wengine umewaacha wamevaa. Yule kwa nini avue?"

"Hiyo ni maneno ingine, mama. Wale walikuwa wanajifunza tu. Huyo anavaa akimaanisha."

"Kwa hivyo kosa lake ni kumaanisha?"

"Sare ni sare. Babake alikubali sheria zetu akimleta hapa. Tafadhalini, kunyweni chai, inapoa."

Ustadhi akanivuta nguo chini ya meza. Kwetu mgeni hamgombezi mwenyeji ndani ya nyumba yake. Mimi nilimgombeza. Nilimwambia kwamba wanautaka Uislamu wa kutazama, wa kupigia picha, lakini Mwislamu mwenyewe akikaa mbele yao hawamtaki. Akaniambia nisilete siasa shuleni.

Mambo yangeishia hapo, lau si wale wasichana. Walianza kuulizana bwenini, kisha wakawauliza walimu: mbona yule peke yake alivuliwa? Naibu akataka maswali yakome. Akamwita babake msichana, mpishi wa hoteli moja huko huko Diani, akampa sharti. Binti yake asimame mbele ya shule nzima, aseme kwamba mtandio ule aliuvaa kwa ajili ya somo tu, kama wenzake, wala hakuwa na kusudi jingine. Asiposema, achukue sanduku lake arudi kwao.

Na kurudi kwao ndiyo basi. Alikuwa akisomeshwa na wageni waliomjua babake pale hotelini, na wafadhili wale waliichagua shule ile, si nyingine. Mtoto anataka udaktari. Maabara ya pale ina vifaa ambavyo watoto wetu huku huviona kwenye michoro ya vitabu.

Nilikwenda Msambweni kuwaona wazazi. Mama alinitandikia mkeka, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza ya saumu, kisha akasema bila kuinua sauti, "Maalim, mwanangu alikuwa akijitanda bwenini akitaka kuswali, akimaliza anavua. Kimya kimya. Tulikuwa tunaomba amalize salama. Sasa kila jicho liko kwake."

Nikawaambia tulipeleke jambo hili mbele, kuna sheria katika nchi hii, na mimi nitasimama nao bega kwa bega. Baba, ambaye muda wote alikuwa akichezea ufunguo, akauliza, "Tukishinda, maalim, wafadhili watabaki?" Nikamwambia kweli, kwamba wafadhili wale siwajui hata kwa sura. Wakakubaliana kwamba mtoto mwenyewe aamue.

Muhula uliofuata naibu akanipigia simu, sauti ya asali. Mambo yalikwisha vizuri, msichana yuko, anaendelea na masomo, na picha zetu zimebandikwa pale wageni wanapopokelewa. Tafadhali tuje tena. Nilimjibu maneno ambayo ustadhi, aliyekuwa kando yangu, aliyafuatiza kwa astaghfirullah nyingi. Sijutii hata neno moja.

Shule zilipofungwa, msichana alikuja Gazi na mamake. Mama akaingia ndani kusalimia watu, sisi tukabaki barazani.

"Nilisema, maalim," akaanza, wala sikuwa nimemuuliza. "Nilisema nilikuwa najifunza tu, kama wenzangu. Wakanipigia makofi."

"Makofi!"

"Wote. Marafiki zangu walifurahi kwamba sifukuzwi." Akanigeuzia uso. "Pale, maalim, niliikana dini?"

Hapana, nikamwambia, hapana mwanangu, tena hapana. Nikamwambia Mwenyezi Mungu anakijua kilichomo moyoni. Nikamwambia mtu aliyelazimishwa hana lawama, akasema nini akasema nini, na kwamba jambo hili lina maelezo yake kwa wanazuoni, atulie. Nilizungumza mno, kwa ghadhabu na kwa huruma, mpaka pumzi zikaniishia. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Lakini mimi sikulazimishwa, maalim," akasema. "Niliambiwa nichague, nikachagua shule."