Hodi Kwenye Lango Lililo Wazi

Njia ile ilikuwepo kabla ya chuo. Sina hati ya kuthibitisha hilo, nina shangazi. Yeye alipita pale akiwa bibi harusi, na miaka mingi baadaye jeneza la mumewe likapitishwa pale pale kwenda makaburini, upande wa pili wa minazi. Kila Alhamisi alasiri huenda kumwombea dua na kung'oa magugu. Wapo wanaosema mwanamke hana ruhusa ya kuzuru makaburi. Shangazi husema hao hawakuwahi kuolewa na mume wake.

Kisha chuo binafsi kikainunua ile minazi. Ukuta ukajengwa, lakini pale njia ilipopita wakaacha lango, na lango halikufungwa. Sisi wa mtaa tulijiandaa kwa ugomvi. Badala yake tuliwekewa mlinzi, kijana wa sare iliyopigwa pasi, anayesema, "Karibuni! Karibuni sana, piteni."

Hapo ndipo niliposhuku. Nimesoma chuo kikuu, na kilichobaki kichwani mwangu baada ya miaka yote hii ni mazoea ya kushuku. Nikipewa mkono kwa upole mno, natazama kama saa yangu bado ipo. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunikaribisha kwenye njia ile. Nani humkaribisha mtu barabarani? Nilimwambia shangazi hivyo, akasema elimu imenifanya nimwogope hata anayenitakia heri.

Tatizo ni kwamba nilishuku vitu visivyo. Nilishuku kamera juu ya nguzo. Nilishuku benchi la saruji waliloweka kivulini: labda walitaka tuzoee kukaa badala ya kupita. Nilishuku hata miche ya maua. Jambo lenyewe lilikuwa likitoka vinywani mwetu, nami sikulisikia.

Huku kwetu karibu haiji peke yake. Mtu akikukaribisha kabla hujabisha hodi, unajiona umeingia kwake kama kuku. Basi shangazi, kwa adabu zake, akaanza. Akifika langoni: "Hodi!" Na mlinzi: "Karibu, bibi!" Wakafuata wachuuzi wa samaki na ndoo zao, wakafuata watoto wa madrasa, na baada ya muda mimi pia nilikuwa nikibisha hodi njiani, kwa sauti ya msomi.

Kisha Alhamisi moja mlinzi hakuitika.

Alikuwepo. Alikuwa ndani ya kibanda chake, tunamwona, macho kwenye simu. Lango lilikuwa wazi kabisa. Mbuzi wa jirani alipita mbele yetu bila shida. Shangazi akabisha hodi, akangoja, akabisha tena, akangoja, akabisha ya tatu. Kisha akageuka kurudi.

"Shangazi, lango liko wazi!"

"Hata mlango wa jirani huwa wazi. Unaingia?"

"Lakini si yule pale amekaa?"

"Hodi tatu, mwanangu. Asipoitikiwa mtu, anarudi. Au chuoni hawakuwafundisha?"

Walitufundisha, tena kabla ya chuo, pamoja na alifu na be: bisha mara tatu, usipojibiwa rudi, wala usinune. Tukazunguka kwa barabara ya lami, ambako malori ya mananasi kutoka Kiwangwa hayampishi mtu. Goti la shangazi likagoma katikati ya safari. Akakaa kwenye ukingo wa kalavati, na bajaji ikaturudisha nyumbani. Kaburi hatukuliona.

Alhamisi iliyofuata mambo yakawa yale yale, ila safari hii hakujaribu lami. Akaacha kwenda. Akawa anaongelea magugu tu: yatakuwa yamefika wapi, yatakuwa yamefunika jina. Na majirani nao wakawa wanageuka langoni mmoja mmoja, bila kuzuiwa na mtu. Ukienda kushtaki, utashtaki nini? Kwamba kijana hakuitika?

Mgeni wa mbali angenunua kufuli. Huyu aliyepanga hili, nashuku, kazaliwa pwani, na bibi yake alimfundisha hodi kama wetu walivyotufundisha. Ushahidi sina. Nilikwenda kumuuliza mlinzi.

"Mbona huitiki?"

"Mzee, mimi nimeambiwa nikae tu."

Hilo la mzee niliacha lipite. "Umeambiwa na nani?"

Akacheka. "We pita tu, mzee." Na hiyo pia niliishuku, kwa kuwa aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, shangazi hakumwambia.

Jioni ile nilimuuliza shangazi kama amewahi kumsikia mtu akibisha hodi barabarani. Barabarani si watu hutoa salamu na kupita? Aliendelea kuchambua mchele.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewapa hiyo njia," akasema.

"Sote, shangazi."

"Mimi ndiye niliyeanza." Na mchele akausukuma kando.

Alhamisi akavaa buibui lake jipya. Tulipofika langoni niliona mdomo wake ukifunguka kwa mazoea, akaufumba. Kisha akasema, "Asalaam aleikum," kama unavyomsalimu mtu aliyekaa kando ya njia, na mguu ulikuwa umeshaingia.

Mlinzi akainuka haraka. "Bibi, samahani—"

"Hujaniamkia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, leo—"

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama yako je, mzima?"

"Mzima, bibi, lakini—"

"Nisalimie sana."

Yote hayo alimuuliza huku akitembea. Salamu za pwani ni ndefu, na kwa goti zima zingetufikisha makaburini. Kwa lile goti zilitufikisha karibu na madarasa, ambako mlinzi aliishiwa majibu akasimama. Nikasikia simu yake ya upepo ikikoroma, na yeye akisema ndani yake maneno ambayo sikuyapata. Nikageuka.

"Usigeuke," shangazi akasema. "Na utembee vizuri. Unatembea kama mwizi wa nazi."