Kijiji juu ya zulia

Fundi wa mazulia wa mlango wa pili, hapa mtaani Greyville, ni Mwajemi. Kiswahili chake amekiokota kwa Wakongo wa ghorofa ya juu. Vidole vyake vimepinda kama ndoana kwa kufunga mafundo ya sufu. Mimi na udadisi wangu, kila nikimuuliza kwao ni wapi, yeye huweka sindano kando na kupanga vipande vya sukari juu ya zulia: mlima huku, mfereji pale, nyumba kumi na moja. "Watu iko kumi na tisa," husema, na kunitajia kila nyumba anakaa nani. Akimaliza, hubana nyumba moja kwa meno na kuinywea chai. Ila ile ya kando ya mfereji haigusi. Siku moja niliinyooshea mkono, akanichapa. "Eish, dada! Hapo anakaa mama, peke yake."

Jumanne simu yake ililia kijiji kikiwa kimepangwa. Akaipokea kwa lugha ya kwao. Alipoikata, aliokota kile kipande cha kando ya mfereji, akakibana kwa meno, akanywa chai polepole mpaka kikayeyuka chote.

"Watu iko kumi na nane," akasema.