Siku Niliyosingizia Breki za Fundi Ekai

Wacha niseme mapema kwamba aibu hii niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu jikoni ninafunika uso kwa mwiko.

Mimi ni karani hapa Isiolo, na nyumbani nina usukani wa kompyuta na pedali mbili chini ya meza (mafuta kwa mguu wa kulia, breki kwa mguu wa kushoto), na nikitoka kazini ninaendesha magari ya mashindano kwenye skrini mpaka chakula kinaungua. Mtu akiniuliza kama mchezo ule unafanana na gari la kweli, nilikuwa ninajibu kama injinia, eti tofauti ni harufu ya petroli tu.

Sasa jirani yangu Hassan, wa familia ya malori tangu enzi za babu yake, alikuwa na gari dogo kuukuu ambalo yeye na Fundi Ekai walilitengeneza miaka miwili ili waliingize kwenye mashindano ya wapenda magari wa hapa mjini, kule uwanja wa changarawe upande wa Leparua, ambapo gari moja moja linazunguka koni huku likipimwa muda. Mchango wangu ulikuwa kisanduku cha kunasa data. Kinarekodi mwendo, injini inavyozunguka, mafuta na breki vimekanyagwa kiasi gani, halafu baadaye unasoma kwenye laptopu uone ulikosea wapi.

Siku mbili kabla, Hassan akateguka mkono akishusha mizigo. Akanijia akitafuta wa kuendesha badala yake.

"Kendi, wewe ushawahi kuendesha gari la gia kwa kasi, kwa changarawe?"

Gari pekee ninaloendesha ni la dadangu, halina klachi (klachi niliiacha shule ya udereva), na ninaliendesha kama nimebeba mayai. Neno moja tu lilihitajika, hapana. Mimi nikasema, "Hassan, hiyo ni kitu ya kuniuliza kweli?" (Mnaona, sikudanganya, niliuliza swali.) Na kana kwamba hiyo haitoshi nikaenda kwa grupu ya WhatsApp ya ofisi nikaalika kila mtu, na wakaja, mpaka bosi akaja na kiti chake na mwavuli.

Kuondoka niliondoka vizuri, gia ya kwanza, ya pili, watu wakapiga makofi. Lakini hakuna aliyeniambia changarawe inapiga chini ya gari kama mahindi yanayomwagwa kwa bati, wala kwamba gari likienda kulia tumbo linabaki kushoto, na kule nyumbani kiti changu hakijawahi kunitikisa hata siku moja. Kona mbili zikapita. Ya tatu niliingia mbio, nikakata usukani, gari likakataa kugeuka, likaendelea tu mbele, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na badala ya kupunguza likawa kama limefunguliwa kamba, injini inalia, koni zinaruka, mwenye bendera anakimbia, mpaka tukaingia kwa kichaka cha miiba na huko ndiko tukasimama. Milango haikufunguka. Nilitolewa kwa dirisha, viatu vikitangulia, mbele ya bosi.

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu. Nikasema, "Breki imekataa."

Hassan akamgeukia Ekai. "Fundi, hizo breki nilikuuliza mara ngapi?"

Ekai ni mtu wa maneno machache. Alisimama na kitambaa chake cha grisi mkononi, na mwanamume mmoja kando yetu akasema Jumatatu ataenda kutoa gari lake kwa gereji ya huyo fundi kabla halijaua mtu. Mimi nikanyamaza. Hapo ndipo ninapoona aibu kuliko hata dirishani.

Ekai akaingia kwenye miiba, akakagua magurudumu, akabonyeza pedali kwa mkono, akarudi ameparuzwa. "Madam, breki ziko. Lakini usiniamini mimi. Si uliweka kile kisanduku? Kisome."

Laptopu ikawekwa juu ya boneti ya gari lingine, watu wakasongamana, na anayejua kusoma ile michoro ni mimi peke yangu.

"Huu mstari?" Ekai akauliza.

"Mwendo."

"Na huu unaopanda juu hivi?"

"Injini."

"Breki ni upi?"

Nikaonyesha wa chini kabisa, umenyooka, haujainua hata kichwa.

"Maana yake nini?" bosi akauliza (hata kwa mikutano anataka kila kitu kifafanuliwe).

"Maana yake breki haikukanyagwa."

"Sasa wewe ulikanyaga nini?"

Mguu wa kushoto. Nyumbani kushoto ni breki, lakini kwenye gari la Hassan kushoto ni klachi, kwa hivyo nilikuwa nimeachanisha injini na magurudumu huku mguu wa kulia bado uko kwa mafuta.

"Klachi," nikasema.

Mwenzangu wa masjala akacheka kwa pua, halafu uwanja mzima ukacheka. Ekai hakucheka. Aliniambia polepole, "Ya breki ulisema mbele ya watu. Hata hii sema mbele ya watu."

Nikasema kwa sauti, breki za Fundi Ekai ni nzima, kosa ni langu, na gari la gia kwa kasi sijawahi kuendesha. Kicheko kikaisha. Hassan alikuwa amekaa juu ya jiwe akiangalia taa moja ya gari lake iliyobaki, na akasema bila hasira, "Ungeniambia tu, Kendi. Ningengoja mkono upone."

Yule mwanamume hakutoa gari lake. Mimi nilishinda Jumamosi nyingi pale gereji nikishika spana na kuosha vyuma, na Ekai, ambaye hakuwahi kulitaja tena jambo lile, ndiye aliyenifundisha klachi polepole. Ofisini nikisimama tu kuna mtu atauliza ninakanyaga pedali gani. Acha waulize. Nimeapa kwamba kazi ya mtu sitaitia doa tena mbele za watu kabla sijaangalia miguu yangu mwenyewe iko wapi.