Pedi ya Mninga

Msumeno wa karakana moja ya samani kule Keko ulimkata Jabiri kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alipopona alirudi kazini, safari hii kupiga msasa na kupaka vanishi tu. Alichokikosa zaidi ni Jumapili zake Tandika, kwenye banda la rafiki yake Suleiman, aliyekuwa bado na gem ya zamani ya kaseti, ile ya kuchezea kwenye runinga. Watu wazima wa mtaa waliigombea.

Pedi za gem ile, vile vishikio vya kuchezea, zilikuwa plastiki za mstatili, bapa kama mche wa sabuni, kona zake zikichoma viganja. Na kitufe cha msalaba, kinachompeleka mchezaji mbele na nyuma, kilikuwa kushoto. Jabiri alikibonyeza kwa kifundo cha kidole cha kati. Kila mtu akawa anamfunga, kisha anampigia makofi. Suleiman alimwachia acheze bure.

Jirani wa Jabiri, Marselino, mchonga vinyago, alichoka kuyaona yale. Akafungua pedi moja mbovu ya gem ile, akatoa nyaya na vitufe. Alimfumbatisha Jabiri donge la udongo kupata umbo la kiganja chake cha kulia, kisha akachonga ganda la mninga kwa kipimo hicho. Msalaba akauhamishia kulia, chini ya gumba zima. Vitufe vya kuruka na kupiga akavitia kwa nyuma, vidole vinapofika vyenyewe. Mkono wa kushoto ukabaki kuegemeza.

Jabiri alijifunza taratibu, mwishowe akaanza kuwafunga. Makofi yakakoma. Farhan, fundi simu ambaye kabla ya hapo hakuwa akifungwa pale, akadai pedi ile ina ujanja. Suleiman akaichomoa mbele ya watu, akamnyooshea Jabiri ya plastiki.

"Haki sawa, braza. Cheza na za banda kama wenzako."

Jabiri hakuipokea. "Nilipokuwa nafungwa mlinipenda sana," alisema.

 Aliondoka na pedi yake, hajarudi tena. Mkewe Munira alitaka wanunue gem ya nyumbani. Jabiri akakataa, akasema hana wa kucheza naye.

Juzi alikutana na Suleiman sokoni. Suleiman aliuliza nyumba ya yule mchongaji, maana Farhan viganja vinamuuma, anataka naye achongewe pedi ya mbao. Jabiri akamwelekeza vizuri tu, akaendelea kuchagua nyanya.