Penina na Propela Yenye Sauti Mbili

Penina Chilewa wa Mpwapwa hutengeneza ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kijiti kimoja kikipotoka kidogo, sikio lake hukitambua katikati ya vingine vyote. Ana umri wa miaka thelathini na mitatu, na elimu yake ni kidato cha nne. Kwa sababu hiyo tu, klabu moja ya ndege ndogo za rimoti mjini Dodoma ilimnyima mara mbili nafasi ya fundi wa karakana. Nasema waziwazi: kumpima fundi kwa karatasi kabla ya kumpa kazi mkononi ni dhuluma, hata kama imeandikwa katika katiba ya klabu.

Barua yake ya tatu ilimchosha mwenyekiti, Mwalimu Bashiri. Akampa sharti. Ndege aliyoijenga mwenyewe ikate mita mia mbili, kati ya milingoti miwili, chini ya sekunde sita. Akishindwa, asiandike tena.

Siku ya jaribio, kwenye uwanda mkavu nje ya mji, nami nikiwa miongoni mwa watazamaji, ndege yake ilipita kwa sekunde sita na nukta nane.

"Mama Ilimba, hapa si ngomani!" mwanafunzi mmoja wa klabu, Joel, akamtania. "Funga propela kubwa, uone."

"Kubwa itaichosha mota, mwanangu. Mimi nataka kupunguza kinachoizuia."

Akang'oa magurudumu yaliyokuwa yakikinza upepo, kisha akaziba kwa selotepu nyufa za mabawa. Sekunde sita na nukta tatu. Kilichobaki alikuwa amekwisha kukisikia: propela ilivuma kwa sauti mbili, kwa kuwa panga lake moja lilikuwa zito kuliko jingine. Akafanya kile ambacho mtengeneza ilimba hukifanya bila kufikiri: akabandika nta ya nyuki kwenye panga jepesi. Pale chini mvumo ukatulia kabisa.

Lakini ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Oktoba. Hewani nta ikalainika, ikarushwa mbali, na ndege ikaanza kutetemeka kama ungo unaotikiswa. Penina akaishusha kwa tumbo, mavumbi yakatimka.

"Nta kwenye jua la Dodoma!" Joel akacheka hadi akachuchumaa.

"Cheka, una haki," alisema Penina. "Ilimba hukaa kivulini. Ndege haina kivuli."

"Betri iliyobaki ni moja, dada," alisema Bashiri. "Utarusha mara moja tu."

Penina akaketi chini, akaining'iniza propela kwenye sindano. Panga zito likainama. Safari hii hakuongeza kitu. Akalipunguza kwa msasa, mkwaruzo mmoja, kisha akaizungusha na kusikiliza. Mkwaruzo mwingine. Akasikiliza tena.

"Mimi sisikii tofauti yoyote," alisema Bashiri.

"Utaisikia, Mwalimu."

Ndege ikarushwa kwa mkono, ikapanda, ikageuka, ikaushukia mlingoti wa kwanza. Nimeona magari ya kifahari yakipita kwa ving'ora barabarani, wala sijawahi kusisimka. Siku ile nilisisimka. Sauti ilikuwa moja, nyembamba, iliyonyooka kama uzi uliovutwa. Na kabla sijavuta pumzi mbili tangu mlingoti wa kwanza, ilikuwa imekwisha kuupita wa pili. Joel alibaki kinywa wazi, akitazama mahali ambapo ndege haikuwapo tena.

Bashiri aliitazama saa yake, akaisogeza karibu na macho, akaitazama tena.

"Tano na nukta saba," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye ibadani.

Akafungua daftari la karakana juu ya boneti ya gari, akaandika jina la Penina. Alipofika kwenye safu ya elimu, kalamu ikasita.

"Hapa niandike nini, fundi?"

"Kidato cha nne," alijibu Penina. "Andika vilevile ilivyo, ili atakayekuja baada yangu aione."